Mzigo Usiosafiri na Mwenyewe: Maswali na Majibu Kuhusu Ukaguzi wa Shehena za Ndege

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi kwamba ndege nyingi za abiria, pamoja na mabegi ya wasafiri, hubeba tumboni shehena za wafanyabiashara ambao wenyewe hawamo ndani ya ndege. Maelezo hayo yametuletea barua nyingi. Hapa tunajibu nne kati ya hizo. Mjibu wetu amefanya kazi kwa miaka mingi katika maghala ya shehena viwanjani, nasi tumemwomba asiharakishe pale jambo linapohitaji kuelezwa kwa kina.

Shikamoo mzee. Ninafanya biashara ya mabondo ya sangara, yaani vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki huyo, hapa Mwanza. Mwezi uliopita nilituma maboksi 12 kwenda Hong Kong kupitia Dar es Salaam, yakiwa yamekaguliwa na afisa uvuvi na kupitishwa na forodha. Wakala akanipigia simu kwamba maboksi matatu yamefunguliwa uwanjani na yamebaki, ndege imeondoka, nami nadaiwa gharama ya ukaguzi na ya ghala. Kama serikali ilishakagua, kwa nini yafunguliwe tena? Mabondo ni makavu na masafi, na maboksi ni imara. Huwa nayanunua kwa mwenye duka la pembejeo za kilimo. — Mfanyabiashara, Mwanza

Marahaba, na pole kwa hasara hiyo. Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo kwa mtumaji huonekana kuwa ni ukaguzi mmoja. Afisa uvuvi anaangalia kama bondo ni safi, limekaushwa vizuri na limepatikana kwa mujibu wa sheria. Ofisa wa forodha anaangalia thamani, ushuru na kama bidhaa hiyo inaruhusiwa kutoka nchini. Mkaguzi wa usalama wa anga haangalii lolote kati ya hayo. Yeye anatafuta kitu kinachoweza kulipuka au kuwaka moto ndege ikiwa angani. Mihuri ya wale wawili wa kwanza haimsaidii, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyetafuta kilipuzi.

Pili, nashuku kwamba sababu ya maboksi yako kufunguliwa umeitaja mwenyewe katika sentensi yako ya mwisho. Njia mojawapo ya ukaguzi ni ya kufuta chembechembe. Mkaguzi huchukua kipande kidogo cha kitambaa maalumu, akakipitisha kwenye kingo za boksi, kwenye utepe wa gundi na mahali ambapo mikono hushika, kisha akakiingiza kwenye mashine ambayo kwa sekunde chache tu humwambia kama kuna mabaki ya vilipuzi. Mashine hiyo huhisi kiasi kidogo mno, kisichoonekana kwa jicho wala kusikika kwa pua. Sasa, mbolea ya CAN, ambayo wakulima wengi wa kwetu wanaifahamu, ina amonia naitreti ndani yake, na amonia naitreti hutumika pia kutengenezea vilipuzi. Boksi lililokaa miezi miwili kando ya magunia ya mbolea dukani laweza kuipigisha kelele mashine hiyo hata kama ndani yake hamna ila mabondo. Kelele ikishapigwa, mkaguzi hana hiari: lazima afungue.

Kuna na suala la picha. Kwenye skrini ya skana ya eksirei, vitu vyenye asili ya viumbe huonekana kwa rangi ya machungwa, metali kwa buluu, na vilivyo katikati kwa kijani. Mabondo yaliyobanwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka hutoa bonge moja la machungwa iliyokolea, na vilipuzi vingi navyo huangukia kwenye rangi hiyo hiyo. Mahali ambapo miale haikupenya kabisa, picha huwa nyeusi, na mkaguzi hana ruhusa ya kukisia kilichomo ndani ya weusi ule. Kwa hiyo nunua maboksi mapya. Yapange mabondo kwa vifungu vyenye nafasi kati yake, usiyashindilie. Fikisha shehena mapema ili likifunguliwa boksi muda wa kulifunga tena uwepo, na usiruhusu maboksi yafungwe pamoja kwenye paleti refu kabla hayajapita kwenye skana, kwa kuwa paleti lisiloingia mlangoni mwa mashine hubomolewa lote. Kwenye hati ya shehena andika “mabondo makavu ya sangara”, wala usiridhike wakala akiandika “mazao ya samaki” tu. Nitaeleza umuhimu wa maneno hayo katika jibu linalofuata. Kuhusu gharama, una haki ya kumwomba wakala akuonyeshe kwa maandishi ni njia gani ya ukaguzi iliyotumika na nani aliyeifanya.

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, ninaishi Sharjah, na kila mwaka tunarudi nyumbani na watoto. Safari iliyopita, nikiwa dirishani, niliona maboksi makubwa yakipandishwa chini yetu, nayo hayakuwa mabegi ya abiria. Sisi tunavuliwa hata viatu, na maji ya mtoto yanaulizwa. Je, maboksi yale nayo hukaguliwa vivyo hivyo? Na nani anawajua wenyewe? — Mama wa watoto watatu, Sharjah

Wa alaykum salaam, dada yangu. Ndiyo, hukaguliwa. Shehena inayopakiwa kwenye ndege ya abiria inatakiwa ipite kwenye udhibiti wa usalama, na sharti hilo limo katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilikipitisha mwaka 1974 na kimekuwa kikirekebishwa tangu wakati huo. Lakini haikaguliwi kwa namna unayokaguliwa wewe, na sababu imo katika swali lako la mwisho, la nani anawajua wenyewe.

Begi la abiria lina mwenyewe, naye ameketi juu yake. Dunia ilijifunza kwa machungu kulitilia uzito jambo hilo. Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India, safari namba 182, ililipuka angani karibu na pwani ya Ayalandi, wakafa watu wote 329 waliokuwamo. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am, safari namba 103, ililipuliwa juu ya mji wa Lockerbie huko Scotland, wakafa watu 270, na 11 kati yao walikuwa ardhini, katika mji wao. Katika misiba yote miwili bomu lilikuwa ndani ya begi ambalo mwenyewe hakupanda ndege hiyo. Ndiyo maana leo abiria akiitwa kwenye kipaza sauti asitokee, wapakiaji huteremsha begi lake hata kama ndege itachelewa.

Shehena haiwezi kuwekewa sharti hilo, kwa kuwa siku zote husafiri bila mwenyewe. Lazima kitu kingine kisimame mahali pake, nacho ni mlolongo wa watu na karatasi: mtumaji ambaye eneo lake la kufungashia limekaguliwa na kutambuliwa, wakala aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, gari lililofungwa kwa lakiri, ghala lisiloingiwa na kila mtu, na hati inayosema kilichomo, kilikotoka na kilivyokaguliwa. Skana ni kiungo kimoja cha mlolongo huo. Mimi naamini si kiungo chenye nguvu kuliko vyote, na sababu ya kuamini hivyo ni jambo lililotokea jirani na hapo ulipo.

Mwishoni mwa Oktoba 2010 vifurushi viwili vilitumwa kutoka Sana'a, Yemeni, kila kimoja kikiwa na printa ya kompyuta na anwani ya Chicago, Marekani. Ndani ya katriji za printa hizo unga wa wino ulikuwa umeondolewa na mahali pake pakashindiliwa kilipuzi kiitwacho PETN, gramu 300 hivi katika kimoja na gramu 400 hivi katika kingine, na sehemu za simu ya mkononi ziliwekwa zifanye kazi ya saa. Kimoja kilikamatwa Dubai, baada ya kusafirishwa kwa ndege mbili za abiria, ya kwanza kutoka Sana'a hadi Doha na ya pili kutoka Doha hadi Dubai. Watu walikula, wakalala na kubembeleza watoto wao juu ya kifurushi hicho. Kingine kilipitia Dubai na Cologne, Ujerumani, kikafika kwenye uwanja wa East Midlands, Uingereza. Maofisa wa hapo walikwenda wakijua hasa ni kifurushi kipi, kwa sababu taarifa za kijasusi zilikuwa zimetoka Saudia. Wakakipekua na kuona hakina kitu. Ilibidi kwanza wapate maelezo kutoka kwa wenzao wa Dubai, waliokuwa wamekwisha gundua kile cha kwao, ndipo wakarudi kutazama tena na kukikuta kilipuzi.

Tafadhali itafakari picha hiyo, dada. Kifurushi kipo mezani, wataalamu wamekizunguka, wameambiwa kwamba hiki ndicho, nacho bado kinawapita. PETN haitoi mvuke mwingi wa kunuswa, na ikikaa mahali pa unga wa wino, kwenye eksirei huonekana kama unga wa wino. Hata hivyo, palikuwa na jambo moja ambalo halikuhitaji mashine yoyote. Nani analipia usafiri wa ndege kutuma printa ya kawaida kutoka Sana'a hadi Chicago, mji ambao printa kama hiyo inauzwa kila mahali? Hati yenyewe ilikuwa na swali ndani yake, ila hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuisoma kabla ya kupakia.

Hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipoanzia. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 2007 iliyotaka shehena zote za ndege za abiria zikaguliwe kufikia Agosti 2010, lakini kwa shehena zinazoingia kutoka nchi nyingine utekelezaji kamili ulisubiri hadi Desemba 2012. Baada ya printa zile, Desemba 2010, ilianza majaribio ya kupokea taarifa za shehena kabla haijapakiwa kule inakotoka, na Juni 2018 ikalifanya kuwa sharti la lazima. Umoja wa Ulaya ukafanya vivyo hivyo tarehe 15 Machi 2021 kwa vifurushi vya posta na vya haraka, na tarehe 1 Machi 2023 kwa shehena zote za ndege. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, ulikuwa umeanza kulitaka kila shirika la ndege linalopeleka shehena Ulaya lipewe kibali kwa kila uwanja wa nje linakopakilia, kwa hiyo hata maua ya Naivasha yanayopakiwa Nairobi kwenda Amsterdam hufuata kanuni za huko yaendako. Ndiyo maana nilimwambia mfanyabiashara wa Mwanza aandike jina halisi la bidhaa yake. Maneno kama “vitu mbalimbali” au “zawadi” sasa husimamisha shehena, kwa sababu hayampi msomaji wa hati uwezo wa kujiuliza kama safari hiyo ina maana.

Kwa hiyo utakaporudi Unguja na watoto, maboksi yale chini yako yatakuwa yamepitishwa kwenye eksirei, au yamenuswa na mbwa, au yamefutwa kwa kitambaa, au yamefunguliwa kwa mikono, au yametoka kwa mtumaji ambaye usalama wake unathibitishwa tangu anapofungasha. Ukiwa na haja ya kujua zaidi, andikia mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi unakopandia. Ni haki ya abiria kuuliza.

Nauza simu na vifaa vyake jijini Nairobi. Wakala wangu alikataa kupakia betri za simu kwenye ndege ya abiria, akasema zisubiri ndege ya mizigo. Mbona simu yenyewe, iliyo na betri hiyo hiyo, alikubali kuipakia? — Mwenye duka, Nairobi

Wakala wako alifuata kanuni. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu-ayoni zilizofungashwa peke yake haziruhusiwi kusafirishwa kama shehena kwenye ndege ya abiria, na zile za lithiamu-metali zilikuwa zimekwisha zuiwa tangu 1 Januari 2015. Betri yenye kasoro au iliyogandamizwa huweza kujipandisha joto, ikawasha iliyo jirani yake, na hiyo ikawasha nyingine. Gesi ya kuzimia moto iliyowekwa tumboni mwa ndege hutuliza miali, lakini haikatizi joto hilo linaloruka kutoka betri hadi betri. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyoondoka Dubai ilianguka kwa moto uliozuka kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu, wakafa marubani wote wawili. Betri iliyomo ndani ya simu imekingwa na umbo la simu, na idadi yake ndani ya kila boksi ina kikomo, ndiyo maana inakubaliwa kwa masharti.

Jambo moja nakuomba: asitokee mtu wa kukushauri uandike “vipuri vya simu” ili betri zipite. Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet, safari namba 592, iliungua na kuanguka Florida, wakafa watu wote 110, kwa sababu ya mitungi ya kuzalisha oksijeni iliyopakiwa tumboni huku karatasi zikisema ni mitupu. Hakuna aliyekusudia kuua. Karatasi ilisema uongo, na waliopakia waliiamini.

Shikamoo mzee. Nina miaka 24, ninafanya kazi kwenye ghala la wakala wa shehena karibu na uwanja wa ndege ambao sitautaja. Usiku, muda wa kupokea shehena unapokaribia kufungwa, msimamizi huniambia nisaini tamko la usalama la shehena ambayo sikuiona ikipita kwenye skana. Anasema, “Hao ni wateja wetu wa siku zote, tunawajua.” Nina mke na mtoto mchanga, nami naogopa kupoteza kazi. Nifanye nini? — Kijana wa ghala

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nakushukuru kwa kuiandika.

Litazame tamko hilo sehemu kwa sehemu. Juu kuna namba ya hati ya shehena, kisha aina ya bidhaa, inakotoka na inakokwenda. Kisha kuna nafasi ya hali ya usalama, ambapo SPX inamaanisha shehena ni salama kwa ndege ya abiria, na SCO kwamba ni salama kwa ndege ya mizigo peke yake. Inafuata njia ya ukaguzi: XRY kwa eksirei, ETD kwa kitambaa cha chembechembe, EDD kwa mbwa, PHS kwa kufungua kwa mikono. Mwisho kuna jina la aliyetoa hali hiyo ya usalama, tarehe na saa. Ukiandika SPX, XRY na jina lako saa nne na robo usiku, umemwambia rubani, ambaye hatawahi kukuona, kwamba kuna mtu aliyeitazama picha ya shehena hiyo. Yeye hana njia ya kukagua tena. Hata uwanja wa kuunganishia safari unaweza kuipokea kama iliyokwisha kaguliwa, kwa kulitegemea jina lako.

Nami niliwahi kusaini. Nilikuwa na umri kama wako, katika ghala ambalo sitalitaja, na karatasi ilisema maboksi 40. Nilisaini nikiwa nimekaa kwenye kiti. Mpakiaji mmoja mzee, asiyejua kusoma vizuri lakini mwenye mazoea ya kuhesabu kwa kugusa kila boksi kwa kiganja, akarudi kuniambia kwamba kwenye toroli yapo 41. Lile la ziada lilikuwa la rangi ile ile, limefungwa utepe ule ule, halina lebo. Tulilifungua, tukakuta vitenge na kanga ambazo dereva alikuwa ameziingiza ili zimfikie dada yake bila malipo. Dereva yule hakuwa mtu mbaya, nami sikuwa mtu mbaya, lakini laiti ndani ya boksi lile kungekuwa na kitu kingine, kingeondoka kwa saini yangu. Usiku ule sikupata usingizi, na tangu siku hiyo sijasaini kitu ambacho sikukiona.

Msimamizi wako anaposema “tunawajua”, huenda ni kweli kwamba anamjua mteja kwa sura na kwa malipo. Katika kanuni, mtumaji anayetambulika ni yule ambaye mamlaka imekagua eneo lake la kufungashia, wafanyakazi wake wamechunguzwa na kufundishwa, na shehena yake imelindwa tangu ilipofungwa mpaka ilipokabidhiwa. Kumzoea mteja hakumfanyi kuwa huyo. Wala usidhani hatari yenyewe imepita na wakati: Julai 2024 vifurushi vilivyotumwa kutoka Lithuania viliwaka moto katika vituo vya kampuni ya vifurushi ya DHL vya Leipzig, Ujerumani, na Birmingham, Uingereza, vikiwa bado chini.

Sasa nifike kwenye hofu yako, ambayo ni ya haki. Usianze kwa kugombana. Mara nyingine ukiambiwa usaini, jibu kwa upole kwamba utasaini sehemu uliyoifanya wewe, kama ni kupokea na kuhesabu, na kwamba sehemu ya njia ya ukaguzi isainiwe na mkaguzi aliyekaa kwenye skana. Hilo si ukaidi, ndivyo tamko lilivyokusudiwa. Pendekeza shehena iliyochelewa ihamishiwe safari inayofuata, na uliseme hilo mapema jioni, si dakika ya mwisho. Weka daftari lako, andika kila usiku ulichokiona na saa yake. Akiendelea kukulazimisha, nenda kwa ofisa usalama wa shirika la ndege linalobeba shehena hiyo, kwa sababu kibali chake ndicho kinachohatarishwa, naye atakuwa na sababu ya kukusikiliza. Ikishindikana hapo, iandikie mamlaka ya usafiri wa anga, ambayo kwa Tanzania ni TCAA na kwa Kenya ni KCAA. Omba jina lako lihifadhiwe. Katika barua taja namba ya hati ya shehena, namba ya safari ya ndege na saa uliyoambiwa usaini, kwa maana bila mambo hayo matatu mchunguzi hatakuwa na pa kuanzia.